Shayiri ya kimea Shume: wiki yangu ya kupanda na kushuka Usambara

Jumatatu. Kange mpaka Lushoto

Kosta imetoka Kange jua halijachomoza vizuri, nimekaa nyuma ya dereva na begi miguuni, ndani kuna kipima unyevu, mizani ndogo, chekeche mbili na bahasha za sampuli. Nnakoenda ni Shume, juu kabisa ya Lushoto, kuna kikundi cha wakulima msimu huu wamejaribu shayiri ya kimea kwenye vishamba vyao vya kabichi na viazi. Aina ni mbili, moja ya zamani ambayo wakulima wa Kilimanjaro Magharibi na Monduli wameizoea, nyingine mpya ya Ulaya imeingia kwa kibali na bado iko kwenye majaribio kwahiyo jina naliacha, ntaiita ile mpya tu. Mie biashara yangu ni nafaka hapa mjini, wameniomba nipande nikaangalie kama siku moja kutapatikana mzigo wa kupeleka viwanda vya bia vya nje.

Wengi hapa Tanga ukiwatajia shayiri wanawaza uji wa Ramadhani, na ni shayiri hiyohiyo, ila anayenunua ndo anabadilisha kila kitu. Wa uji akiiona safi haina mawe basi. Wa kimea anataka punje iliyo hai, maana atailoweka, ataichipusha, halafu ataikausha ikiwa ndo kwanza imeanza kuota, na punje iliyokufa haichipui, inabaki wanga mgumu na inaalika ukungu. Yaani unauza mbegu inayopumua, iwe ghalani, kwenye lori au melini, na viwanda vingi havitaki kusikia chini ya punje 95 zinazoota katika kila 100, wengine wanadai 98. Swali langu safari nzima ni hilo moja, shayiri ya Usambara inaweza kufika bandari ya Tanga ikiwa hai?

Tumepita Ngomeni na Muheza, mkonge. Mkonge wenyewe uliingia hivyohivyo, Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vilivyofika hai na kupandwa Kikogwe kule Pangani vilikuwa 62, na kutoka hivyo 62 mkoa mzima ukajaa mkonge. Baadae hapa Muheza, kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano, ikazalishwa aina ya 11648 ambayo leo hata China wanailima. Kwahiyo habari ya aina mpya ya zao la kuuza ng'ambo si ngeni kwa watu wa Tanga, tumeikalia toka enzi za babu zetu.

Segera, Korogwe, Mombo joto limepamba moto, watu wananunua maji na machungwa dirishani, kisha gari inaingia kona za Soni na kila kona madirisha yanafungwa moja moja kwa baridi. Nimelala Lushoto, blanketi mbili.

Jumanne. Magamba, Lukozi, Shume

Asubuhi ukungu mtupu, msitu wa Magamba hauonekani hata mti wa tatu kutoka barabarani. Hii ndo hali ya miezi hii, kusi linavuma kutoka baharini linapanda mlima na unyevu wake, na mie roho imeanza kunidunda hapo maana shayiri ikikomaa halafu ikanyeshewa au ikakaa kwenye ukungu siku nyingi inaweza kuchipua palepale kwenye suke, na iliyochipukia shambani kwa mwenye kiwanda ni takataka. Lukozi soko limechangamka, kabichi na karoti zinapakiwa, lumbesa za viazi zimefungwa mpaka gunia linaota kichwa cha pili.

Mzee mwenyekiti alikuwa ananisubiri njiani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu Shume. Bora umekuja leo, jana mvua ilitishia."

Tukashuka kwenye ngazi za shamba kwa miguu. Shayiri ya zamani ilikuwa imevunwa nusu, imebaki ya ngazi za chini. Ile mpya nyingi bado imesimama, fupi, bua gumu, masuke yameinama yote upande mmoja yana rangi ya mkate uliooka vizuri, safu mbili za punje kila suke. Nimeketi nikahesabu vichipukizi kwenye shina, vingi kuliko nilivyotegemea. Ila imechelewa, na nadhani sababu ni mwanga. Shayiri nyingi za kaskazini ya dunia zimezoea mchana mrefu wa kiangazi cha kule ndo zitoe suke, huku kwetu mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima, kwahiyo nyingine zinakaa kwenye majani muda mrefu kabla hazijatoa suke. Ndo maana mtu akikupa karatasi ya kampuni ya mbegu imeandikwa siku za kukomaa, hizo ni siku za kwao, usipange kuvuna kwa karatasi hiyo.

Kwenye ngazi ya kijana mmoja nimekuta shayiri imelala yote chini. Nikamuuliza aliipa nini, akasema DAP wakati wa kupanda, halafu urea mara mbili, ya mwisho ilikuwa inakaribia kutoa suke "ili ishibe kaka, kama kabichi." Na hapa ndo pagumu kuliko pote kwa mkulima wa mbogamboga, maana kila alichofundishwa na shamba lake ni kwamba ukiongeza mbolea unaongeza pesa. Shayiri ya kimea inaenda kinyume. Nitrojeni ya kuchelewa, kama ya hiyo urea, haiendi kwenye wanga, inapandisha protini ya punje, na mnunuzi anataka protini iwe kama 9 mpaka 12 kwa mia. Ikizidi, wanga unapungua, bia inayotoka kwenye tani moja inapungua, na bia haiwi angavu ndani ya chupa. Ikipungua sana nayo tabu, chachu inakosa chakula na povu halisimami. Nikamwambia kijana shayiri yake haijapotea, kuku wataila na uji utapikwa, ila kwa kimea mwakani mbolea yote impe mapema mmea ungali mdogo, baada ya hapo mikono mfukoni. Amenisikiliza ila usoni naona bado inamsumbua kuona shamba la njano akaliacha bila kitu.

Udongo wenyewe nao ni wa kupima. Milima hii mvua imeosha chokaa miaka na miaka, sehemu nyingi udongo ni mchachu, na shayiri ni moja ya nafaka zinazochukia udongo mchachu kuliko zote, mizizi inadumaa. Nimechota sampuli ngazi ya juu, ya kati na ya chini.

Jumatano. Turubaini

Ukungu umeondoka mapema, jua kali la mlimani, kila mtu akatoka na turubai. Wanapura kwa fimbo, na nikasogea karibu na kina mama waliokuwa wanapiga kwa nguvu nikaokota punje kwenye ukingo wa turubai. Baadhi zilikuwa uchi, kumvi limetoka, nyingine zimepasuka kichwani pale penye kiini. Nikamwonyesha mama mweka hazina kwenye kiganja, kumvi la shayiri ya kimea si uchafu wa kupepeta, linakinga chipukizi wakati wa kulowekwa na baadae kwenye pipa la bia ndo linalochuja maji yakapita, na kiini kikipasuka punje imekufa hapohapo. Yeye mwenyewe ndo aliwapigia kelele wenzake, "pigeni suke jamani, msipige punje!" Wakapunguza nguvu na punje uchi zikapungua turubaini nikiona kwa macho yangu.

Chekeche ya milimita 2.5 imeonyesha tofauti ya wazi. Ile mpya nyingi imebaki juu, nono, zimefanana. Ya zamani iliyotoka kwenye ngazi kavu za juu nyingi zimepita chini. Unene una maana yake, punje nono ina wanga mwingi na inanyonya maji sawa na mwenzake. Halafu nikachukua wembe nikakata punje kati kwa kati, mzee mwenyekiti akavaa miwani tukaziangalia pamoja. Zilizo nzuri ndani nyeupe na za unga, ukizikwaruza kwa ukucha unga unatoka. Zile za kijana wa urea nyingi ndani zinang'aa, ngumu, kama kipande cha kioo. Mzee aliziweka mbili mbili kwenye kiganja muda mrefu, akamwita yule kijana aje aone. Nadhani somo limemwingia pale kuliko maneno yangu yote ya jana.

Unyevu: mwanzo walikuwa wanatumia chupa na chumvi, unatia chumvi kavu na punje unatikisa, chumvi ikiganda kwenye chupa bado mbichi. Ni njia nzuri kwa mahindi ya nyumbani, lakini inakwambia tu kama umevuka 15 kwa mia hivi, na Australia kwa mfano, ambao ni wakubwa wa biashara hii, mwisho wao ni 12.5. Kipima unyevu kikaonyesha magunia ya jana bado yako juu. Yakarudi turubaini, tabaka jembamba, yanageuzwa kila mara. Nikawasihi hakuna kuweka jikoni juu ya moto kuharakisha, joto kali linaua kiini na kwa nje punje inabaki nzuri huwezi kujua.

Jioni kikao, na hapa nataka niandike polepole maana ni mambo mazito kuliko mashine zote. Mzee mmoja wa msikitini, mwenye ngazi nzuri kabisa pale juu, amesema mbele ya wote, "Mimi shayiri nalima, Mungu kaiumba, ila ya kwenda kwenye pombe siuzi, msinihesabu." Hakuna aliyecheka wala kubishana. Mweka hazina akauliza kama kimea hakina kazi nyingine. Kinayo, Milo na Ovaltine zina kimea cha shayiri, na kuna vinywaji vya kimea visivyo na kileo, lakini sikutaka kumdanganya mzee, nikasema mnunuzi wa nje tunayemzungumza hapa ni wa bia, na akishanunua hatuwezi kumchagulia. Wakakubaliana shamba lake liwe la shayiri ya uji na chakula cha mifugo, gunia lake lisichanganywe na la wengine. Mie naona wamefanya la haki, na afadhali limesemwa sasa kuliko kusemwa siku ya kugawana pesa.

Halafu hesabu. Kontena la futi 20 linabeba kama tani 20 za shayiri. Mkulima akipata tani moja kwa ekari, hilo kontena moja ni ekari 20, na kwa Shume mtu ana robo ekari hapa, nusu pale, ni kaya nyingi mno zinazotakiwa kupanda aina moja, wiki zinazokaribiana, mbolea ileile, na kukausha mpaka kipimo kilekile. Gunia moja bichi likiingia katikati linachemsha yanayolizunguka. Kimya kilikuwa kirefu baada ya hapo.

Alhamisi. Jikoni kwa mweka hazina

Mama huyu ni mjuzi wa togwa, kimea cha ulezi anakifanya toka yuko msichana, kwahiyo nilimpigia simu wiki iliyopita nikamwomba aloweke shayiri kidogo kabla sijafika. Amefanya kwa akili zake bila kufundishwa na kiwanda chochote, ameloweka usiku, amemwaga maji akaiacha ipumue kutwa, ameloweka tena, kisha akaitandaza kwenye ungo chini ya gunia lenye maji. Kiwandani wanafanya hivyohivyo, wanailoweka na kuipumzisha kwa hewa kama siku mbili mpaka ndani ya punje unyevu ufike kama 42 mpaka 46, maana ikikaa majini moja kwa moja inazama na kufa, halafu inachipua siku 4 au 5 kwenye baridi ya nyuzi 14 mpaka 18 hivi, mwisho tanuri inashusha unyevu mpaka 4 au 5. Na jikoni kwake usiku baridi ni hiyohiyo bila mashine. Mjini kwetu ungeiweka ungoni ingechemka na kuvunda.

Alivyofunua gunia harufu ikapanda, harufu ya tango bichi. Vijizizi vyeupe vitatu vinne kila punje. Lakini ungo ulikuwa na pande mbili, kuna punje zimetoa mizizi mirefu zimeanza kushikana, na katikati yake punje zimetoa nukta nyeupe tu. Mama akasema mwenyewe, "Hizi si za mama mmoja." Akaniambia jirani aliyemletea aliunganisha mabaki ya ile mpya na ya zamani ili kijaze kisado. Pale nikaita watu wote waje, maana hiyo ndo sababu kamili kiwanda kinataka gunia la aina moja, kila aina inanyonya maji kwa kasi yake, ukisubiri ya pole ya haraka imeshakula wanga wake, ukiiwahi ya haraka ile ya pole bado jiwe. Kwenye kabichi hakuna aliyewahi kuulizwa kabichi hii ni ya nani. Huku mnunuzi atauliza mpaka jina la mbegu, na mbegu mpya zina wenyewe kisheria, Tanzania tumo UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, toka 2015, kwahiyo hata kujiwekea mbegu ya mwakani na kuiuza kuna utaratibu wa mwenye aina na wa TOSCI, wakaguzi wa mbegu wa serikali.

Wakaniuliza sasa aina ipi ndo bora. Hakuna iliyo bora peke yake, inategemea anayepika. Viwanda vingi vya Asia vinachanganya kimea na mchele, na mchele hauna vimeng'enya vyake, kwahiyo wanatafuta shayiri yenye vimeng'enya vingi vya kuvunja wanga wa vyote viwili. Wa Ulaya wanaopika kwa kimea kitupu wanaridhika na vya wastani. Wajapani wa kampuni ya bia ya Sapporo wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Canada, walikwenda mbali wakazalisha shayiri isiyo na kimeng'enya kinachochachusha mafuta ya punje ili bia isipoteze ladha haraka. Ethiopia, mlima kama wetu, wamekaa na aina ya Holker miaka mingi kabla ya Traveller na Grace kuingia kutoka Ulaya. Kwahiyo unaanza na mnunuzi, ndipo unachagua mbegu, ukianza na mbegu unaweza kuvuna vizuri na ukakosa wa kumuuzia.

Na mnunuzi mmoja asikutoshe. Mei 2020 China iliipiga shayiri ya Australia ushuru wa asilimia 80.5, soko lao kubwa likafungwa mpaka Agosti 2023, na wale wana mashamba makubwa na mabenki nyuma yao. Sisi kaya za robo ekari tukifungiwa hivyo tunauza ng'ombe.

Ijumaa. Kushuka

Nimeondoka na magunia madogo mawili, moja la kila aina, yameshonwa na kuandikwa, nimeyaweka kwenye mapaja si juu ya keria. Mombo joto. Sampuli za udongo nimeziacha TARI Mlingano, kisha nyumbani, usiku nimepanga punje 100 za kila aina kwenye vitambaa vyenye maji.

Jumamosi. Bandarini

Nimekaa na wakala wa forodha ninayemwamini. Zamani meli zilisimama nje na mzigo ukaenda kwa matishari, sasa meli zinafunga gatini na hilo linapunguza mikono na muda wa mzigo kukaa juani. Cheti cha usafi wa mimea kinatoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea. Yeye hofu yake ni hewa ya hapa, ghala la Tanga mchana ni joto na usiku unyevu, na punje kavu inanyonya unyevu wa hewa bila hata tone la mvua. Ushauri wake shayiri isilale Tanga, ikaushwe na kuhifadhiwa Shume, ishuke siku kontena limefika na lifungwe na vifuko vya kunyonya unyevu ndani. Nimeupenda, ni mtu asiyelima lakini kaelewa kuwa mzigo uko hai.

Ila maoni yangu nimemwambia, kontena la Asia lisiwe la kwanza. Kwanza Moshi na Arusha, na Kenya kupitia Horohoro, lori moja, safari fupi, mnunuzi anayeweza kuja mwenyewe kuangalia ngazi.

Jumatatu nyingine. Kuhesabu

Ile mpya, katika 100 hazikuota 4. Ya zamani hazikuota nyingi zaidi, lakini shayiri iliyovunwa juzi tu huwa inalala usingizi wake wiki kadhaa kabla ya kukubali kuota, na kila aina ina usingizi wake, kwahiyo siihukumu, ntaipima tena. Nimempigia mzee mwenyekiti, mweka hazina naye amehesabu za kwake jikoni na ya ile mpya imekaribiana na yangu.

Tumekubaliana hivi. Gunia moja la ile mpya linabaki Shume kwenye ghala la kikundi, jingine la shamba hilohilo linakaa ghalani kwangu huku mjini, yote yanapimwa kila mwezi mpaka masika, tuone mji unaua punje ngapi. Masika wanapanda aina moja tu kwenye ngazi za kikundi, ile mpya wenye mbegu wakikubali, wanawahi kidogo ili ikomae kabla ukungu haujashika. Chokaa inasubiri majibu ya Mlingano. Kijana wa urea amejitolea ngazi zake mbili, moja aweke mbolea mapema tu, nyingine afanye anavyojua yeye, punje zikatwe kwa wembe mbele ya kikao. Mie nimeagizwa kipima unyevu cha kikundi na turubai za ziada.